Baraza la Parokia: Lilitoka Wapi, na Lina Kazi Gani Kwetu Goma

Watu wengine husema kwamba Baraza la Parokia ni jambo geni, lililotoka Roma baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, ili mapadri wapate watu wa kuwakusanyia fedha. Wengine huliogopa: wadhani ni serikali ndogo ndani ya kanisa, yenye kutaka kumtawala paroko. Tena wako wale wasiolifikiria kabisa. Husikia majina ya wajumbe yakisomwa baada ya Misa, hupiga makofi, kisha huenda zao mpaka uchaguzi mwingine. Wasomaji wapenzi, katika makala hii twataka kueleza habari za Baraza hilo tangu mizizi yake, kwani mtu asiyejua chombo kilitengenezwa kwa kazi gani hawezi kukitumia vema.

Manung'uniko ya Yerusalemu

Tufungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa, nalo lilikuwa na watu wa lugha mbili. Wale waliosema Kigiriki walinung'unika juu ya wale waliosema Kiebrania, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Basi shauri la kwanza lililowagawanya wakristu halikuwa la mafundisho makubwa ya dini. Lilikuwa la chakula, tena la chakula na lugha pamoja.

Mitume walifanya nini? Hawakuwakemea wenye kunung'unika. Hawakusema kwamba mkristu mwema hunyamaza. Waliwaita waamini wote, wakawaambia wachague kati yao watu saba wenye sifa njema. Waamini wakachagua, mitume wakawawekea mikono. Tuyaangalie majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki. Yaonekana basi kwamba kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa watu ambao wenye kulalamika waliweza kuwaamini.

Hatusemi kwamba wale Saba walikuwa Baraza la Parokia. Lakini njia yao ndiyo njia yetu: neno lililofichika likatolewa mbele ya wote, wote wakachagua, wachungaji wakathibitisha, na wajane wakapata chakula. Msomaji ayakumbuke hayo manne, maana tutayahitaji tukifika Goma.

Wakristu waliobaki peke yao

Tutoke sasa Yerusalemu, tuje katika nchi zetu za maziwa makuu. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walifika Buganda mwezi wa Februari 1879. Hawakukaa sana. Mwezi wa Novemba 1882, kwa kuona hatari, waliondoka wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, upande wa kusini. Hawakurudi ila mwezi wa Julai 1885. Karibu miaka mitatu wakristu wachache wa Buganda walikaa bila Misa, bila padri wa kuwaungamisha, bila kiongozi isipokuwa wao wenyewe.

Je, imani ilizimika? La. Mapadri waliporudi waliwakuta wanafunzi wa dini wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amewafundisha vijana katika jumba la mfalme. Matia Mulumba na Luka Banabakintu walikuwa wamewakusanya watu huko Mityana. Hao watatu waliuawa kwa ajili ya dini katika miaka ya 1885 na 1886, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu pamoja na wenzao tarehe 18 Oktoba 1964. Sisi huwasifu kwa kifo chao, na ni haki. Lakini tusisahau ile miaka mitatu ya kabla. Walikuwa walei, yaani wakristu wasio mapadri wala watawa, nao walilitunza Kanisa.

Katika nchi hiyohiyo ya Uganda mbegu ile iliota vizuri. Mwaka 1939, tarehe 29 Oktoba, Papa Pius XII alimweka wakfu Mgr Joseph Kiwanuka kuwa askofu wa Masaka. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kupewa uaskofu katika Kanisa letu. Askofu huyo aliwataka wakristu wake wachague mabaraza ya parokia, na wazazi waunde vyama vya kuangalia mambo ya shule. Alifanya hivyo miaka mingi kabla ya Mtaguso. Kumbe, jambo ambalo wengine huliita la kigeni lilikwisha kujaribiwa jirani yetu, na askofu Mwafrika, pamoja na mapadri wenyeji.

Kutoka katekista mmoja mpaka shirika

Huku Kongo kazi kubwa ilikuwa mabegani mwa makatekista. Misioni zilikuwa chache na vijiji vilikuwa mbali. Padri alipita mara chache kwa mwaka. Katekista ndiye aliyefundisha wakatekumeni, aliyeongoza sala ya Dominika, aliyembatiza mtu mwenye kukata roho. Bila yeye tusingalikuwa na parokia leo. Lakini kwa kawaida alikuwa mtu mmoja mwenye kupokea maagizo, wala hakuwa na wenzake wa kukaa nao na kushauriana.

Mwaka 1959 Goma ilitengwa na Bukavu, na tarehe 10 Novemba ya mwaka uleule Papa Yohane XXIII aliyafanya maeneo ya kimisioni ya Kongo kuwa majimbo kamili. Mgr Joseph Mikararanga Busimba akawa askofu wa kwanza wa Goma, tangu mwaka 1960 hadi kufa kwake mwaka 1974. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, ikaingia mara katika taabu. Wamisionari wengine waliondoka, na katika maasi ya mwaka 1964 wengine waliuawa. Mahali pengi pa mashariki wakristu walijikuta kama wale wa Buganda: peke yao.

Maaskofu wa Kongo walikuwa wameliona jambo hilo mapema. Mwisho wa mwaka 1961 walikutana Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za wakristu, ndogo kuliko parokia, ambamo watu wajuana kwa majina. Ndizo zile ambazo sisi wa mashariki twaziita shirika. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya huziita jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanyia mkutano mkubwa huko Nairobi mwaka 1976. Basi kwa jambo hili Kongo ilitangulia.

Ndipo Mtaguso wa Vatikano ukasema wazi. Katika hati yake juu ya utume wa walei, ya tarehe 18 Novemba 1965, ulitaka majimbo yawe na mabaraza ambamo mapadri, watawa na walei hushirikiana. Tena mabaraza ya namna hiyo yawe hata katika parokia, kadiri iwezekanavyo.

Maneno hayo yalipimwa upesi. Katika miaka ya 1972 hadi 1974 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo, ikavunja vyama vya vijana vya dini, ikafunga magazeti ya dini, na mwisho ikazichukua shule. Shule zilirudishwa mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya Februari 1977. Katika wakati ule ilionekana kwamba chama chenye bendera na ofisi hufungwa kwa barua moja. Lakini ni nani awezaye kumkataza jirani kumtembelea jirani yake mgonjwa na kusali naye? Shirika halikuhitaji ofisi. Mwaka 1975 huko Kinshasa Kardinali Malula alisonga mbele zaidi: aliwaweka walei, walioitwa bakambi, waongoze parokia zisizo na padri wa kukaa.

Sheria yasema nini

Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alitangaza kitabu kipya cha Sheria za Kanisa. Yafaa kila mjumbe wa Baraza ajue mambo machache yaliyomo, maana ugomvi mwingi hutoka katika kutojua.

Kanuni ya 536 yasema kwamba askofu, akiisha kusikia mapadri wake na kuona yafaa, huamuru kila parokia iwe na Baraza la kichungaji. Paroko ndiye mwenyekiti. Baraza hutoa shauri, halitoi amri. Hapo wengine hukunja uso: ikiwa ni shauri tu, twaketi kwa nini? Lakini kanuni ya 212 yasema kwamba waamini wana haki, na mara nyingine wana wajibu, kuwaambia wachungaji wao maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa. Paroko anayewaita watu washauri, na moyoni amekwisha kukata shauri, anawadharau. Na mjumbe anayenyamaza mkutanoni, kisha anasema sana njiani, analidharau Baraza. Wazee walisema: penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno huharibika mara moja ikiwa wazee wameketi tu, wasiseme.

Kanuni ya 537 ni ya fedha, nayo ni kali zaidi. Baraza la kichungaji hutegemea uamuzi wa askofu, lakini halmashauri ya mali ni lazima kwa kila parokia. Kanuni ya 1267 yasema kwamba sadaka iliyotolewa kwa kazi fulani itumike kwa kazi ileile tu. Fedha za bati la kanisa haziwezi kugeuka mafuta ya motokaa. Na kanuni ya 1287 yataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa. Basi mkristu anayeuliza hesabu kwa adabu anatumia haki yake, asiitwe mwasi.

Madaftari manne

Sasa tuutazame mji wetu. Goma imefundishwa kwa fimbo ngumu. Twaona kwamba kila pigo lilituonyesha daftari moja ambalo Baraza haliwezi kukosa.

La kwanza ni daftari la watu. Julai 1994, katika siku chache tu, zaidi ya wakimbizi 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda. Kipindupindu kikaingia, na wataalamu wakadirie watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka usiku wa tarehe 22, serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Watu wakaenda Sake, Rutshuru, Minova, Bukavu, hata Gisenyi. Katika mambo kama hayo swali la kwanza ni moja: nani yuko, nani hayuko? Hesabu ya mwisho ya watu wa nchi yetu nzima ilifanyika mwaka 1984. Lakini msimamizi wa shirika anajua ni nyumba gani ina mama mzee asiyeweza kutembea, na ni nyumba gani ina watoto waliobaki na dada yao. Ujuzi huo usikae kichwani mwake tu. Uandikwe, upelekwe kwa Baraza, na urekebishwe kila miezi michache. Tena utunzwe kwa siri, maana katika nyakati za vita orodha ya majina ikianguka katika mikono mibaya huweza kuua.

La pili ni daftari la vitu na la Sakramenti. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu wapatao 120,000 walipoteza makao, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Jiwe likiisha kupoa, watu wanaweza kujenga upya. Lakini cheti cha ubatizo kilichoungua hakijengwi kwa saruji. Kanuni ya 1283 yataka orodha ya mali ya parokia iwe na nakala mbili: moja parokiani, moja kwa askofu. Pengine watu wa nchi tulivu huona hiyo ni kazi bure. Sisi tunaokaa chini ya mlima wa moto tusingojee kuambiwa mara mbili. Tena tufanye hivyo kwa daftari za ubatizo na za ndoa: nakala iwe mahali pengine, mbali na kanisa.

La tatu ni daftari la fedha. Januari 2025 wapiganaji wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango. Mwenye fedha benki alikuwa kama asiye nazo. Nyakati kama hizo sadaka hukaa katika sanduku, na sanduku huleta majaribu hata kwa mtu mwema. Dawa ni ya zamani: wahesabuji wawili au watatu wasio wa jamaa moja, kuhesabu mara baada ya Misa, kuandika siku ileile, kutia sahihi, funguo mbili kwa watu wawili, na hesabu kusomwa mbele ya waamini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari humlinda maskini asiibiwe, nalo humlinda mweka hazina asisingiziwe.

La nne ni daftari la mashauri. Karani aandike: siku, walioketi, neno lililoletwa, maoni yaliyotolewa, paroko aliamua nini, na nani atafanya lipi kabla ya siku gani. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma daftari hilo. Baraza lisilofanya hivyo huzungumza shauri lilelile miaka mitano, na kila mara hudhani ni jipya. Hata paroko akihamishwa, mgeni wake atajua wapi pa kuanzia.

Nani aketi

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Parokia za Goma zina Wahavu, Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wanyarwanda, Washi, Watembo na wengine wengi. Wengi wetu tumekuja mjini tukikimbia, na kila mmoja amekuja na kidonda chake. Msaada ufikapo, iwe unga, maharagwe au maturubai, manung'uniko ya Yerusalemu huanza tena, karibu kwa maneno yaleyale: wajane wetu wamesahauliwa.

Wako wanaotaka viti vya Baraza vigawanywe kwa makabila. Twaona sababu yao, lakini twaogopa njia hiyo. Mjumbe aliyeletwa na kabila lake atawasemea wa kabila lake, na Baraza litakuwa soko la madai. Shirika latupa njia iliyo bora, nasi hatuitazami vya kutosha. Shirika halikuundwa kwa kabila. Liliundwa kwa mtaa. Watu wake wanachota maji kwenye bomba moja na kuzika pamoja. Wakimchagua mtu, wanamchagua kwa sababu wamemwona anavyokaa na watu. Baraza likitoka katika mashirika yote, bila kuliacha hata moja, ni vigumu kwa kundi moja kulimiliki.

Ni vigumu, hatusemi haiwezekani. Kwa hiyo yafaa paroko na waamini waangalie mambo matatu. Kwanza, wajumbe wawe na muda uliowekwa, kisha wawapishe wengine. Kiti cha Baraza si urithi. Pili, wanawake na vijana wasiitwe kwa kupika na kuimba tu. Katika mashirika mengi akina mama ndio wanaojua nani amelala njaa, nao wakikosa mezani ujuzi huo unakosekana pia. Tatu, siku ya kugawa msaada, wagawaji wawemo watu wa wale wanaolalamika. Mitume walifanya hivyo, na hawakuona aibu.

Ndugu msomaji, parokia inaweza kupoteza jengo lake kwa usiku mmoja. Sisi tumeliona hilo. Inaweza kukaa bila padri, na bila benki. Lakini ikipoteza imani ya watu kwa watu, yaani mjane akiona kwamba jina lake halimo na kwamba hakuna wa kumsikiliza, hapo imepoteza kile ambacho hakuna fedha za kigeni ziwezazo kukirudisha. Baraza la Parokia lipo kwa ajili hiyo. Katika mkutano ujao, kabla ya kuzungumza juu ya bati na sikukuu, wajumbe waulizane: ni shirika gani halikuleta mtu leo, na kwa nini? Halafu watume wawili kati yao waende kuuliza huko. Kitabu cha Matendo chasimulia kwamba, shauri la wajane lilipokwisha kutengenezwa, neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Nasi Goma, tukilitengeneza shauri la wajane wetu, tutaona matunda hayohayo, kwa neema ya Mungu.